Pembe Nyuma ya Nundu

Daktari kijana wa siku hizi aliniuliza maumivu yangu yalianza lini, nami nikamjibu kwa majina ya barabara. Shingo niliipatia njia ya Marani, kwenye ile miteremko ambapo mtu hukaza macho mbele mpaka kisogo kinawaka. Viganja vilikufa ganzi njia ya Nyamira, asubuhi za baridi, ukungu umelala juu ya mashamba ya pareto. Kiuno, ambacho ndicho kimenifanya nitembee kama mtu aliyeangusha sindano, nilikiacha njia ya Nyamarambe. Daktari aliandika neno moja tu kwenye karatasi yake, akaniambia nisiinue mizigo. Sikumlaumu, kwa sababu hakuwahi kukalia chuma kile.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa msaidizi wa bwana shamba. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka na kuwaonyesha watu namna ya kupanda kahawa, kuipogoa, na kuchimba mashimo yenye kina kinachotakiwa, jambo ambalo wengi waliliona kuwa ni kuchimbia mti kaburi. Kwa muda mrefu nilizunguka kwa miguu na baiskeli. Kisha ofisi ikapata pikipiki kuukuu iliyotoka jeshini, na kwa kuwa wenzangu waliiogopa, nikapewa mimi. Nilifurahi kama mpumbavu.

Pikipiki ile ilikuwa imetumika vitani, na nadhani ilirudi na hasira zake. Gurudumu la nyuma lilifungwa moja kwa moja kwenye fremu, bila springi. Springi zilikuwa mbili tu, chini ya tandiko, na moja ilikuwa imechoka kabla sijakabidhiwa. Kila jiwe lililoguswa na gurudumu lilifika kiunoni kwangu bila kusimama njiani. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu uligeuka sabuni, nami nilishusha miguu yote miwili na kuiburuta kama bata huku mikono ikipigana na usukani. Jua likiwaka, ile njia ilikauka na mabonde yake yote, na hapo ndipo mtu alipojua ana mifupa mingapi.

Miezi ya mwanzo sikusikia kitu. Nilikuwa kijana, na sifa ni dawa kali. Nikiingia sokoni Nyakoe, karibu na nyumbani kwangu, akina mama walivuta vikapu vyao pembeni na watoto walikimbia nyuma ya moshi. Jumapili nyingine nilimpakia mke wangu, amekaa upande, mkungu wa ndizi mapajani, tukaenda kwao, mlimani juu ya soko la Nyamarambe. Safari ambayo mama yake aliitembea kutwa nzima sisi tuliimaliza kabla chai haijapoa. Nilijiona mtu.

Kiuno kilianza polepole, kama mgeni anayesema hakai. Kwanza ulikuwa uchovu wa jioni. Kisha kikawa kichomi kilichoshuka kwenye paja la kushoto kila nilipopiga kiki. Kisha ikafika siku nikajua maana ya ule msemo wa kupanda mchongoma, maana kushuka ndiko kulikuwa ngoma. Nikikaa juu ya pikipiki nilikuwa mzima. Nikishuka, mwili ulibaki na umbo la tandiko, na ilinichukua muda kuunyoosha, kipande kwa kipande.

Nilijifunza hila. Nilikuwa nasimamisha pikipiki karibu na mche wa kahawa, nashuka nikiwa nimepinda vilevile, na kuanza kuchunguza shina kwa makini hadi mgongo ukubali. Mwenye shamba alisimama nyuma yangu kwa heshima. Huko Marani hila hii ilizaa mambo. Niliporudi mara ya pili niliwakuta wazee kadhaa wameinama kwenye mistari ya kahawa, mikono magotini, wakikodolea mashina bila kusema neno. Walikuwa wameambiana kwamba serikali sasa inataka kahawa ikaguliwe kutoka chini. Nilicheka, na kicheko kikanichoma kiunoni mpaka nikashika mti.

Ndani ya kaptula na shati la kazi nilijifunga leso ya mke wangu, mara nyingi kiunoni, kwa nguvu hata nikashindwa kula nikiwa safarini. Juu ya tandiko niliweka gunia lililokunjwa. Dresa wa dispensari alinipa vidonge vyeupe na mafuta ya kuchua, akaniambia nipumzike. Nilitikisa kichwa. Kupumzika kulikuwa na maana moja tu ofisini kwetu: asiyeweza kuzunguka alipelekwa kwenye shamba la serikali, mbali kabisa na Gusii, akae kambini peke yake bila mke. Nasi tulikuwa tumemzika mtoto wetu wa kwanza pale Nyakoe, kwenye kona ya migomba, na mke wangu alikuwa na mimba ya pili. Usiku mwingine aliamka kunishika mkono ahakikishe nipo. Alikuwa ameniambia waziwazi kwamba hii hawezi kuibeba peke yake. Kwa hiyo nilipanda pikipiki na kunyamaza.

Sasa, katika nchi yote ile, mtu aliyejulikana kwa migongo alikuwa mmoja, naye alikuwa baba mkwe wangu. Alikuwa mpiga pembe. Alichanja ngozi kwa wembe, akaweka pembe ndogo ya ng'ombe iliyotobolewa nchani, akavuta kwa mdomo mpaka mashavu yakaingia ndani, kisha akaziba tundu kwa nta aliyoihifadhi chini ya ulimi. Pembe ikang'ang'ania. Alipoiondoa, ilitoka na damu nyeusi iliyoganda, na mtu aliyeletwa amebebwa akarudi kwao kwa miguu. Niliwaona kwa macho yangu, wakishuka mlima ule wamenyooka. Mimi nilipita chini yao nimepinda.

Msomaji asiye wa kwetu atauliza kwa nini sikwenda. Kwetu kuna kitu tunakiita ensoni. Ni soni, lakini si ile soni ya mtu mmoja inayopita kama homa. Ni ukuta uliojengwa kati ya mzazi na mtoto, na kati ya mkwe na mkwe, na kila mtu anazaliwa akiukuta. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mkwe hakai kitanda cha mkwe, hamwoni akiwa kifua wazi, hataji sehemu za mwili wake, sembuse zilizo karibu na mkanda. Mimi kulala kifudifudi mbele ya baba wa mke wangu, kaptula imeshushwa, mdomo wake kwenye pembe na pembe kiunoni kwangu! Heri nife. Naye, najua, heri angekufa kwanza. Waswahili husema mficha uchi hazai. Sisi tumeficha vizazi na vizazi, na tumezaa hadi mlima umejaa.

Lakini mzee alikuwa na macho. Aliniona nikishuka kwenye pikipiki uani kwake, siku nilipompeleka mke wangu kuwasalimu. Akatazama kando haraka, akaanza kuuliza habari za mvua upande wa Nyakoe. Jioni, wakati wa kuondoka, alimwita binti yake nyuma ya ghala, akampa mfuko wa ngozi. Njiani mke wangu aliupakata. Tulipofika nyumbani akaufungua mfuko mezani: pembe tatu, donge la nta, na wembe uliofungwa kwenye kitambaa.

"Baba amesema maksai wetu anavuta mbali mno," aliniambia. "Amesema maksai wa namna hiyo akiumia, aumikwe kwa pembe nyuma ya nundu."

"Tuna maksai gani sisi?"

"Wewe," alisema. "Kwani nani mwingine anavuta mbali?"

Nilishangazwa na hekima ile. Mzee alikuwa amepata mlango kwenye ukuta. Hakunitaja, hakuutaja mwili wangu, na dawa imefika. Mke wangu alikuwa akimsaidia baba yake kushika taa na kuosha pembe tangu utotoni, kwa hiyo mkono wake haukutetemeka. Kila Jumamosi nililala kwenye mkeka, akanichanja nyuma ya shingo na kati ya mabega, pale ambapo ng'ombe huwa na nundu, akavuta. Damu ilitoka. Mabega, ambayo nayo yalikuwa yamechoka kwa usukani, yalilegea, na kwa siku moja au mbili nilijihisi mwepesi, nikasema dawa imeingia. Mara moja mkono wake uliteremka na pembe hadi karibu na mkanda, ukasimama hapo, kisha ukarudi juu. Neno la mzazi halirekebishwi na mtoto, tena mzazi mwenye jina kama lile.

Kiuno hakikupona. Nilianza kuipunguza nchi. Nilisema Nyamarambe inaweza kungoja mwezi ujao. Mwezi ujao nilisema vivyo hivyo, nikaishia katikati ya njia, nikageuza. Hivyo ndivyo maumivu yanavyomla mtu wa barabara: hayamzuii kwenda, yanasogeza tu mwisho wa safari karibu na nyumbani. Na kila nilipogeuza pikipiki nilijua ninageuza pia njia ya kwao mke wangu, naye alijua, akawa haulizi tena Jumapili tutakwenda lini.

Bwana shamba mkuu, Mzungu mrefu mwenye kiko, aliniita ofisini. Alizungumza Kiswahili chao kile cha kuamrisha.

"Wewe napanda pikipiki ya serikali," alisema, "lakini watu ya Nyamarambe nasema hapana ona wewe. Mimi nakwenda kule na gari. Wewe kuja na pikipiki. Kama hapana fika, mimi natoa pikipiki kwako, na wewe nakwenda kambi."

Nilimwambia mke wangu. Siku ya kwenda alinifunga leso yeye mwenyewe, akiwa amepiga magoti, tumbo lake limekuwa kubwa. Alivuta mpaka nikaguna. Alisema, "Ukifika tu, Baba, umefika. Usiangalie kurudi."

Nilifika. Hilo nalisema hadi leo. Nilipita mawe yote, nikapanda ule mlima wa mwisho kwa gia ya kwanza, meno yamekaza, nikaingia kwenye uwanja wa mkutano. Mzungu alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, na wazee wenye mashamba ya kahawa wameketi kwenye nyasi mbele yake. Mmoja wao alikuwa baba mkwe wangu, amevaa koti lake la kanisani. Nilizima injini. Nikataka kupitisha mguu juu ya tandiko, na mguu haukuja.

Sijui namna ya kulieleza jambo hili kwa mtu ambaye halijampata. Si maumivu yaliyonizuia, maana maumivu nilikuwa nimeyazoea. Kiuno kilikataa, kama mlango uliofungwa kwa ndani. Pikipiki ilianza kuegemea upande, mguu wangu mmoja ukatetemeka kuizuia, jasho likanidondoka kwenye tangi la petroli. Watu wa uwanja mzima walinitazama. Hakuna aliyekuja.

Na wasingeweza kuja. Ile ilikuwa nchi ya mke wangu. Kila mzee aliyeketi pale, kwa ukoo na kwa rika, alikuwa baba mkwe wangu. Anishike wapi? Mtu ashushwe pikipiki bila kukumbatiwa kiunoni? Vijana, shemeji zangu, ambao wangenibeba huku wakinicheka bila kosa lolote, walikuwa bondeni wakichota maji ya kitalu cha miche. Baba mkwe wangu aliinuka. Alipiga hatua, akasimama, midomo inamcheza. Kisha akanyoosha fimbo yake, ameshika mwisho mmoja, nami nishike mwingine. Niliishika. Alivuta kwa nguvu zake zote, mzee wa watu, uso ameugeuza kando asinione. Nilivutika mikono tu.

Pikipiki ilianguka na mimi nikaanguka nayo. Mzungu na dereva wake ndio waliokuja kunitoa chini yake, petroli imelowesha kaptula. Alinifuta vumbi mabegani kwa upole ambao sikuutegemea, akatazama wale wazee walioinamisha vichwa, akasema kwa huzuni, "Hawa watu hapana penda wewe kabisa." Sikuwa na Kiswahili cha kumweleza kwamba walikuwa wananiheshimu.

Pikipiki ilibaki Nyamarambe siku hiyo, mimi nikarudishwa juu ya magunia nyuma ya lori. Wiki chache baadaye nilikwenda kambini. Mtoto alizaliwa nikiwa sipo, salama, nashukuru, lakini mke wangu alijifungua akiwa amemshika mkono jirani. Nilimwona mwanangu wa kike tayari anakaa mwenyewe. Alinitazama na kulia, akajificha kwa mama yake. Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani.

Miaka ilipita hivyo, nikija nyumbani kwa likizo, nimepinda kidogo zaidi kila mara. Kisha baba mkwe akafa, kwa kifua, mvua za masika. Nilipanda basi kwenda mazishi. Tulimzika mchana, kwa nyimbo za kanisa na kwa vilio vya kwetu, na asubuhi ya pili nilikuwa nimekaa nyuma ya nyumba kwenye kigoda, mke wangu kando yangu, tunapumzika na watu.

Kuna mtu ambaye sijamtaja hadi hapa, kama vile ambavyo wakati ule wote hatukumfikiria. Ni bibi yake mke wangu, mama mzazi wa marehemu. Magokoro, kama tunavyomwita bibi, alikuwa mkongwe wa jicho moja, aliyekaa miaka yote kwenye kizingiti cha nyumba yake hatua chache kutoka pale mwanawe alipowapigia watu pembe. Alikuja akijikongoja, akajishusha kwenye nyasi mbele yangu. Kati ya bibi na mjukuu hakuna ensoni. Ukuta wetu unaruka kizazi, na anayeruhusiwa huutumia uhuru wake wote.

"Mume wangu," aliniambia, maana ndivyo bibi anavyomtania aliyemwoa mjukuu wake, "mbona umepinda kunishinda mimi? Mwanangu si alikupa pembe?"

"Alinipa, Magokoro. Niliumikwa sana."

"Uliumikwa wapi?"

Nilimwonyesha, mkono wangu ukifika nyuma ya shingo kwa shida. Alinitazama kwa lile jicho moja. Alianza kucheka, kicheko kikakatika njiani.

"Mtu anakalia chuma kutwa, halafu aumie mabegani?" alisema. "Siku ile alipompa mkeo mfuko, aliingia kwangu akakaa chini kama mtoto. Aliniambia, mama, nimemtajia nundu. Nikamwuliza, na kiuno chake je? Akasema, mama, ningekitajaje kiuno cha mkwe mbele ya binti yangu? Akasema wale wamesoma, watajua wenyewe washuke hadi wapi."

Mke wangu alikuwa anakata nyasi kwa kucha, moja moja.

"Mngekuja kwangu," Magokoro aliendelea. "Pembe alifundishwa na nani? Mimi ningekuvua hiyo suruali bila kuombwa. Hebu legeza mkanda."

Nililegeza mkanda pale pale, nikageuka. Alipapasa kiuno kwa kidole gumba, akabonyeza sehemu moja, nikapiga kelele. Alibonyeza tena polepole, akizunguka, kama mtu anayepima kiazi kama kimeiva. Kisha akaondoa mkono.

"Hapa ndipo," alisema. "Wakati ule palikuwa na damu ya kutoa. Sasa ni mfupa."

Mke wangu aliuliza kama ajaribu hata hivyo. Magokoro akamwambia ajaribu, ikiwa ni kwa ajili ya moyo wake. Akaenda kuchukua pembe moja kwenye mfuko wa marehemu, akanichanja, akavuta kwa muda mrefu. Pembe iliposhuka ilikuwa na tone dogo la damu nyepesi, nyekundu, isiyo na ugonjwa wowote. Alilitazama, akaanza kulia, na hakuwa amelia hivyo hata kaburini.

"Nilikuwa najua ni hapa," alimwambia bibi yake. "Kila usiku nilimchua hapa. Mkono wangu ulikuwa unajua."

"Basi kwa nini pembe hukuiweka hapa?"

Mke wangu aliitwa kutoka jikoni aje kuwagawia uji watu waliokesha. Akajifuta uso kwa leso, akaenda, akaniacha nikifunga mkanda.